Lisemwalo Lipo? Kupima Vyanzo vya Intaneti katika Utafiti wa Imani na Matambiko: Mfano wa Kaya za Wamijikenda

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii imewafaa wengi katika maisha ya kila siku, lakini mtafiti anayeiegemea mbele ya tarakilishi hana budi kupotea. Katika mtandao wa intaneti, lisemwalo huenda lipo, huenda lilikuwapo zamani likatoweka, na huenda halijapata kuwapo hata siku moja, ila limenakiliwa mara nyingi mno hata likavaa sura ya ukweli. Hali hii hujitokeza zaidi pale mwanafunzi anapotafiti mambo ya imani: matambiko, viapo, uganga, mizimu na mahali patakatifu. Hapo ndipo wajuao husema kidogo, na wasiojua husema mengi.

Makala haya yananuia kueleza namna ya kupima vyanzo vya intaneti katika utafiti wa aina hiyo. Mfano utakaotumiwa ni ule wa kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, habari zake zimejaa tele mtandaoni, na kila anayetafuta hupata. Pili, kosa katika habari hizo si kosa la alama za mtihani pekee. Vitu vitakatifu vimeibwa na kuuzwa ng'ambo chini ya majina yasiyo yake, na wazee wameuawa katika kaunti za Kilifi na Kwale kwa kushukiwa kuwa wachawi. Anayeandika juu ya imani za watu hushika kitu kiwezacho kudhuru, na ni wajibu wake kujua alikokitoa.

Kaya ni nini, na kwa nini habari zake hutatanisha

Kaya ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu mnene na kulindwa kwa maboma na malango. Kila jamii kati ya jamii tisa za Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, huhusisha asili yake na kaya. Watu walihama humo kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1940 makazi hayo yalikuwa yameachwa. Hata hivyo, misitu ilibaki kuwa maskani ya wahenga na mahali pa sala na matambiko chini ya uangalizi wa wazee. Serikali ya Kenya ilianza kuitangaza rasmi kuwa turathi ya taifa mwaka 1992. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliitia katika Orodha ya Turathi za Dunia, na mwaka 2009 desturi zinazohusiana nayo zikaingizwa katika orodha ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Mambo hayo machache hayana ubishi mkubwa. Ubishi huanza mtafiti anapouliza mambo ya ndani: nini hufanyika katika tambiko, nani huapishwa, fingo huzikwa wapi, maneno gani hutamkwa. Majibu ya maswali haya ni amana ya wazee, na mengine hayatolewi hata kwa vijana wa jamii yenyewe kabla ya wakati wake. Kwa hivyo, pana jambo ambalo mwanafunzi hana budi kulizingatia tangu mwanzo. Habari ya siri ikipatikana mtandaoni bila kizuizi, basi ama si siri, ama imevujishwa bila idhini, ama imebuniwa. Mojawapo kati ya hayo matatu ni kweli, na ni juu ya mtafiti kujua ni lipi kabla ya kunukuu.

Aidha, kaya moja si kaya zote. Maelezo mengi ya wasafiri yanatokana na Kaya Kinondo katika pwani ya kusini, ambayo ilifunguliwa kwa wageni kwa utaratibu maalumu. Mgeni hufungwa shuka jeusi, huambiwa asichume wala asiokote kitu, kisha huongozwa msituni. Msafiri anaporudi kwao huandika kwamba “Wamijikenda huvaa nguo nyeusi waingiapo kaya.” Kanuni ya mahali pamoja, tena iliyoelezwa kwa mgeni, hugeuka kuwa kanuni ya makabila tisa. Vivyo hivyo kwa idadi. Tovuti moja husema kaya ni tisa, kwa kufuata hesabu ya jamii. Nyingine hutaja misitu iliyoorodheshwa na UNESCO peke yake. Nyingine husema ni zaidi ya 40, kwa kuhesabu misitu yote inayoheshimiwa. Waandishi hao hawakosani. Wanahesabu vitu tofauti. Mtafiti asiyeuliza kilichohesabiwa ataona uongo pasipo na uongo.

Lugha kama mtego na lugha kama kipimo

Mwanafunzi wa Kiswahili ana silaha ambayo wenzake wa taaluma nyingine huikosa, nayo ni lugha yenyewe. Hata hivyo, silaha hiyo ina makali pande mbili.

Neno “kaya” katika Kiswahili Sanifu lina maana ya nyumba au jamaa wanaoishi na kula pamoja, na ndiyo maana inayotumika katika ripoti za sensa. Anayelitafuta neno hilo peke yake atapata majedwali ya idadi ya watu nchini Tanzania kabla ya kupata msitu wowote. Neno “kigango” kwa Wagiriama ni nguzo ya mti iliyochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wanaume wenye hadhi. Katika Kiswahili cha Kanisa Katoliki, kigango ni sehemu ya parokia. Neno “kambi” kwa wengi ni mahali pa kupiga mahema, ilhali kwa Wagiriama ni baraza la wazee. Neno “koma” huweza kuleta habari za alama za uandishi, ilhali kwa Wamijikenda ni mzimu wa mhenga, na pia kijiti kidogo kinachosimikwa kwa ajili ya marehemu asiyekuwa wa Gohu. Kiapo cha fisi, kilicholiwa na wanaume wa Kigiriama, kinaweza kumfanya msomaji amjuaye fisi kwa jina la mnyama tu adhani kwamba mnyama huyo aliletwa msituni.

Mitego hii ikishatambuliwa hugeuka kuwa vipimo. Chanzo kinachochanganya kigango na koma, kana kwamba kila maiti husimikiwa nguzo ile ile, hudhihirisha kwamba mwandishi wake hajapata kuzungumza na jamaa yenye vigango. Chanzo kinachochanganya koma na pepo, yaani mzimu wa mhenga na roho impandayo mtu, kinastahili kutiliwa shaka katika mengine pia. Kosa moja la jina haliangushi makala yote, lakini huonyesha umbali uliopo kati ya mwandishi na jambo analolieleza.

Kosa kubwa kupita yote ni la kuchanganya mganga na mchawi. Kwa wenye lugha, watu hawa ni mahasimu. Mchawi hudhuru kwa siri. Mganga hutibu, na mganga wa mburuga hupiga ramli ili kujua chanzo cha maradhi. Waandishi wa kigeni waliwatia wote katika neno moja, na mashine za kutafsiri zimeurithi mchanganyo huo. Sheria ya Uchawi iliyotungwa nchini Kenya wakati wa ukoloni, mwaka 1925, nayo ilizitazama shughuli hizi kwa jicho la mtawala. Mwanafunzi anayenakili tafsiri ya namna hii bila kuihoji humwita mchawi mzee ambaye jirani zake humjua kuwa tabibu. Katika maeneo ambako neno hilo limewahi kutangulia panga, hilo si kosa la msamiati tu.

Jambo jingine la lugha ni majina yaliyopitwa na wakati. Jina “Mijikenda” lilienea kuanzia miaka ya 1940. Kabla ya hapo vitabu viliwaita watu hawa Wanyika, au Wanika kwa tahajia ya wakati ule. Anayetafuta kwa jina la leo hatamwona Johann Ludwig Krapf, aliyeanzisha misheni huko Rabai mwaka 1846, na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Wala hatamwona Charles New, mmisionari aliyeishi Ribe na kuchapisha kitabu chake mwaka 1873. Vitabu vya aina hii vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bila malipo. Ni vyanzo vya thamani kwa sababu ya umri wake, japo inampasa mtafiti kukumbuka kwamba waandishi wake walikuja kuzibadili imani walizozieleza.

Kuufuata mto hadi kwenye chemchemi

Wingi wa tovuti si wingi wa mashahidi. Methali husema penye wengi hapaharibiki neno, lakini katika intaneti wengi hao mara nyingi ni mtu mmoja aliyenakiliwa. Dawa yake ni kuufuata mto hadi kwenye chemchemi: kuuliza kila sentensi imetoka wapi, na hiyo nayo ilitoka wapi, mpaka afikiwe msemaji wa kwanza.

Mfano mwafaka ni habari ya Singwaya. Tovuti nyingi husema kwamba Wamijikenda walitoka Singwaya, kaskazini mwa Mto Tana, wakafukuzwa na Waoromo, wakashuka kusini na kujenga kaya zao katika karne ya 16 au ya 17. Habari hii husimuliwa kwa yakini, aghalabu bila kutaja chanzo. Anayeifuata nyuma hupita ensaiklopidia huria na kurasa za utalii, kisha humfikia mwanahistoria Thomas Spear, aliyechapisha kitabu juu ya kaya mwaka 1978. Spear naye aliegemea masimulizi aliyoyakusanya kwa wazee. Hapo chemchemi ya kwanza imefikiwa.

Hata hivyo, chemchemi hiyo haiko peke yake. Mwaka 1972 Fred Morton alikuwa ametoa hoja kwamba masimulizi ya Singwaya hayaonekani katika kumbukumbu za mapema za Wamijikenda, na kwamba yalienea mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu za wakati huo. Spear alimjibu mwaka 1974. Justin Willis, katika kitabu cha mwaka 1993, alieleza jinsi utambulisho wa Wamijikenda ulivyojengeka kutokana na uhusiano wao na Mombasa na utawala wa kikoloni. Wanaakiolojia nao walichimba. Utafiti wa Henry Mutoro wa mwaka 1987 na ule wa Richard Helm wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba nyanda hizo zilikuwa na makazi ya wakulima na wafua vyuma karne nyingi kabla ya tarehe zinazotajwa na tovuti.

Je, hii ina maana kwamba wazee wamedanganya? La hasha. Hapa pana tofauti ambayo ndiyo uti wa mgongo wa utafiti wa imani. Swali la kwanza ni: jambo hili lilitukia? Swali la pili ni: watu wanaliamini jambo hili, nalo lina kazi gani kwao? Chanzo kimoja kinaweza kuwa dhaifu kwa swali la kwanza na imara kwa la pili. Mzee anayesimulia safari ya kutoka Singwaya ni shahidi asiye na mfano wa jinsi jamii yake inavyojielewa. Si lazima awe shahidi wa tarehe. Kadhalika, mtaalamu wa kuchimba anaweza kutoa umri wa vigae bila kujua lolote juu ya maana ya mahali alipovipata. Kabla ya kukiita chanzo cha kutegemewa, mtafiti aulize: cha kutegemewa kwa swali lipi?

Nani asemaye, na anapata nini

Baada ya kumjua msemaji wa kwanza, hubaki kumpima. Si kila mwenye maslahi ni mwongo, lakini maslahi huamua jambo gani litajwe na lipi lifichwe.

Afisa wa serikali ya kikoloni ni mfano mmoja. Arthur Champion alikuwa afisa msaidizi wa wilaya miongoni mwa Wagiriama wakati Mekatilili wa Menza alipowahamasisha watu wake dhidi ya kodi na kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1913 watu walikusanyika Kaya Fungo na kuapishwa, wanawake kwa kiapo cha mukushekushe na wanaume kwa kiapo cha fisi, na mwaka 1914 serikali ikailipua kaya hiyo kwa baruti. Maandishi ya Champion juu ya Wagiriama yalichapishwa kitabuni mwaka 1967 na yanatajwa hadi leo. Aliona mengi ambayo hakuna mwandishi mwingine aliyeyaona. Lakini aliyaona viapo hivyo kama silaha za uasi, kwa kuwa vilimzuia kufanya kazi aliyotumwa. Anayemnukuu kana kwamba alikuwa mtazamaji asiye na upande, humpa heshima isiyomstahili. Cynthia Brantley, katika kitabu chake cha mwaka 1981, ameonyesha jinsi ya kuzisoma nyaraka za aina hii pamoja na masimulizi ya Wagiriama wenyewe.

Mfanyabiashara wa sanaa ni mfano wa pili. Kuanzia miaka ya 1970 vigango viling'olewa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na wauzaji wa sanaa, na mwishowe vikafika katika majumba ya watu binafsi na makumbusho nchini Marekani. Katalogi za mnada huvieleza kwa urefu, upana, aina ya mti na uzuri wa mchongo, na nyingine hudai kwamba vilikuwa vimeachwa na wenyewe. Kwa Wagiriama, kigango hakiachwi. Jamaa wanaweza kuhama, lakini nguzo hubaki pale iliposimikwa, na kuing'oa ni kuwataka ubaya walio hai. Dai la kuachwa, basi, si maelezo ya desturi bali ni utetezi wa biashara. Mtafiti anaweza kuitumia katalogi hiyo kama ushahidi wa soko, si kama ushahidi wa imani.

Mfano wa tatu ni mganga wa matangazo, anayeahidi kurudisha mpenzi aliyepotea au kupandisha mtu cheo, na kutoa nambari ya simu ya kutumia pesa. Wengi wa hawa hujipamba kwa majina ya pwani, kwa kuwa pwani ina sifa ya uganga. Maelezo yao juu ya mizimu na dawa ni lugha ya biashara, na ndivyo yanavyopaswa kuchunguzwa. Mwanaisimu anaweza kupata humo data nzuri ya mtindo wa matangazo. Mwanafunzi wa imani za Wamijikenda hatapata humo imani za Wamijikenda.

Wapo pia wanaosema kutoka upande wa dini nyingine. Mhubiri wa Kikristo au wa Kiislamu anayeieleza kaya kuwa makao ya mashetani husema kweli juu ya msimamo wake mwenyewe. Naye kijana mzalendo anayeieleza kaya kuwa bustani ya amani isiyopata kuwa na hofu wala ugomvi huenda naye anahubiri, ila mahubiri yake ni ya utaifa. Wote wawili wapimwe kwa mizani moja.

Picha, tarehe na mahali

Picha na video huaminiwa upesi kuliko maandishi, na ndiyo sababu hudanganya kwa wepesi. Picha ya tambiko la jamii moja hubandikwa juu ya habari za jamii nyingine, na ngoma ya kuburudisha watalii hotelini huitwa ibada. Picha isiyo na jina la mpigaji, mahali na tarehe haithibitishi jambo lolote. Yenye vitu hivyo vitatu inaweza kuthibitisha makubwa.

Ushahidi wa hayo upo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama karibu na vigango viwili vya jamaa yake, akaandika mahali na wakati. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Miaka ilipita, kisha kimojawapo kikatambuliwa katika mkusanyo wa makumbusho ya chuo kikuu nchini Marekani. Makumbusho ilikuwa na kitu bila historia. Picha ilikuwa na historia bila kitu. Vilipokutanishwa, umiliki ukadhihirika, na mwaka 2007 kigango hicho kikarudishwa kwa jamaa. Mwaka 2003 Udvardy, Linda Giles na John Mitsanze walikuwa wamechapisha makala juu ya biashara hiyo na kuwahimiza wakuu wa makumbusho kukagua mikusanyo yao. Mwaka 2019 vigango 30 vilivyotoka katika makumbusho ya Denver viliwasili Kenya. Rekodi tatu ndogo, nani, wapi na lini, ndizo zilizoanzisha safari hiyo ya kurudi.

Kwa sababu hii, mwanafunzi asipakue picha bila maelezo yake. Ipo pia mitambo ya mtandaoni ya kutafutia kwa picha badala ya maneno, ambayo huweza kumwonyesha mahali pengine ilikochapishwa na jina lililotumiwa huko. Kurasa zilizofutwa au kubadilishwa huweza kupatikana katika hifadhi ya Internet Archive, na ensaiklopidia huria huweka historia ya kila badiliko. Mtafiti akiona kwamba sentensi anayoitegemea iliongezwa na mtu asiyejitambulisha wala kutaja chanzo, amekwisha kujua uzito wake.

Mashine inapojibu

Katika miaka ya karibuni programu za akili unde, au akili mnemba kama wengine waitavyo, zimewapa wanafunzi njia ya mkato. Mtu huuliza, na jibu huja kwa lugha laini isiyo na kigugumizi. Tatizo ni kwamba programu hizo huunda jibu kutokana na maandishi zilizofunzwa kwayo, na katika jambo kama kaya maandishi hayo ni yale yale ya wasafiri, wafanyabiashara na wanakili. Isitoshe, huweza kubuni marejeleo: jina la mtaalamu wa kweli, mwaka unaoelekea kuwa wa kweli, na anwani ya makala ambayo hayajapata kuandikwa. Kanuni hapa ni nyepesi. Marejeleo yasinukuliwe kabla ya kupatikana katika katalogi ya maktaba au katika jarida lenyewe, na kurasa zinazohusika kusomwa. Usemi fasaha si hoja. Hata debe tupu huvuma.

Kutoka tarakilishini hadi kayani

Uchunguzi wote uliotajwa hadi hapa unaweza kufanywa na mwanafunzi akiwa ameketi maktabani. Lakini mwisho wa intaneti si mwisho wa utafiti. Nyaraka za maafisa wa kikoloni zimo katika Idara ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana wataalamu waliofanya kazi ya kuhifadhi kaya kwa miaka mingi. Na wazee wenyewe wapo, ingawa kila mwaka hupungua.

Kwenda kwa wazee kuna adabu na sheria zake. Mtafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni huipa jamii haki juu ya maarifa yake, ikiwa ni pamoja na haki ya kukubali au kukataa yatumiwe na wengine. Juu ya sheria hizo ipo desturi: kupitia kwa mwenyeji anayejulikana, kueleza nia bila kuficha, na kukubali kunyimwa. Mzee anapojibu kwamba jambo fulani halisemwi, jibu hilo ni data. Liandikwe kama lilivyo, yaani kwamba jambo hilo ni siri. Kulijaza pengo hilo kwa maelezo yaliyookotwa katika tovuti isiyo na mwandishi ni kosa maradufu: ni kuvunja adabu, na ni kuandika uongo penye ukimya wa kweli.

Tena ni vyema mwanafunzi awe na mazoea ya kumrudishia mzee yale yaliyosemwa juu yake mtandaoni. Kumsomea maelezo ya tovuti na kumwomba ayasahihishe huzaa mazungumzo bora kuliko maswali ya jumla. Mzee huonyesha palipokosewa, huongeza lililosahauliwa, na pengine hucheka. Vyote vitatu ni vipimo ambavyo hakuna mtambo unaoweza kuvitoa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba chanzo cha intaneti juu ya imani hakipimwi kwa uzuri wa sura yake wala kwa idadi ya wanaokirudia. Hupimwa kwa kufuatilia sentensi hadi kwa msemaji wa kwanza, kwa kuuliza alijuaje na alipata nini, kwa kuyachungua maneno anayoyatumia, na kwa kutenga swali la kilichotukia na swali la kinachoaminiwa. Mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ya pekee katika kazi hii. Yeye ndiye awezaye kuona mara moja kwamba kigango si koma, kwamba kambi si mahema, na kwamba mganga si mchawi.

Nafasi hiyo ni deni pia. Tasnifu za vyuo vikuu huwekwa mtandaoni, na baada ya miaka michache huwa ndizo chemchemi ambazo wengine huchota. Lisemwalo katika tasnifu hizo litanakiliwa, litatafsiriwa, na siku moja litamfikia mjukuu wa mzee yule yule aliyehojiwa, akitaka kujua babu zake waliamini nini. Ni juu ya waandishi wa leo kuhakikisha kwamba, kwake yeye angalau, lisemwalo litakuwa lipo.